Makombora Nje, Siku ya Posa

Ngurumo ilitangulia. Glasi za chai pale kijiweni zikacheza juu ya visahani, vigae vyetu vya mchezo vikaanguka kifudifudi, na mbwa wa muuza nyama akajichomeka chini ya meza bila kuagiza chochote. Ndipo tukaiona: ndege mpya ya kivita, ikijaribiwa juu ya Kazan, mji wetu wa kiwanda cha ndege, watu wote wakiwa wamenyanyua shingo.

"Ndiyo hiyo isiyoonekana," akasema Nazmi Mabango, mchoraji wa vibao vya maduka. "Bibi yangu kiziwi ameisikia."

"Haionekani na rada, siyo na bibi yako!" akafoka Halis Sajenti, mstaafu wa jeshi la anga, ambaye kwa simulizi zake ameshinda hata vita ambavyo havijapiganwa.

Runinga ya kijiweni ikaonyesha mchoro wa ndege kama ile, makombora yakining'inia chini ya mabawa kama soseji dukani. Mtangazaji akatamba: haionekani, tena imebeba silaha kuliko zote!

"Chagua moja, mwanangu," Halis akaiambia runinga. "Ama huonekani, ama umejitwika duka zima."

Şükrü Honi, dereva wa basi la kiwandani, akagonga meza. "Silaha ni za kuonekana! Adui akiziona, anatetemeka. Ndiyo maana leo naenda kumposea mwanangu Orhun kwa ngoma, zumari na msafara wa magari yenye tepe."

Kijiwe kizima kikamgeukia. Posa huendewa kimyakimya: wazee wachache, maua, boksi la chokoleti. Ngoma husubiri harusi. Tena binti mwenyewe ni Nergis wa Sadettin, mfuga nyuki. Mposaji aliyepita aliingia na zumari, Sadettin akamfungia mlango, akidai nyuki wamehama kwa hasira. Na mzee yule hasikilizi posa mara mbili. Orhun akikosa leo, amekosa.

"Kaka, nisikilize," akasema Halis. "Mwili wa ndege ile umechongwa ili mawimbi ya rada yateleze yaende zake. Silaha zimelala tumboni, milango imefungwa. Ukitundika kombora nje, kona zake zinamrudishia adui mawimbi yake. Anakuona kama mnara wa msikiti."

"Mbona basi wanazitundika?"

"Tumboni nafasi ndogo. Siku ya kwanza ya vita unaingia na za tumboni, unavunja rada zao. Zikishakufa, tundika hata kitanda cha mama mkwe. Lakini wewe leo ndiyo siku ya kwanza, bwana! Rada ya Sadettin bado ni nzima, tena imevaa miwani."

"Wivu tu," Şükrü akajibu. "Wewe uliposa kwa baiskeli."

"Na nikapewa mke!"

Nje, ngoma ikalia. Mpigaji alikuwa amewahi, anapasha mikono. Papo hapo simu ya Şükrü ikaita. Akatazama jina, uso ukawa rangi ya mtindi. Akabonyeza pasipostahili, spika ikafunguka, sauti ikatufikia sote.

"Şükrü, ngoma hiyo ya nani?"

"Ngoma, Bwana Sadettin? Ya... watu. Mtaa wa pili."

"Niko kwa muuza nyama, mkabala nawe. Namwona mpigaji anakuuliza kwa ishara aanze lini."

Şükrü akamfukuza mpigaji kwa mikono yote miwili. "Ameondoka, bwana! Sasa niko safi."

"Na magari?"

Yalikuwa yamejipanga barabarani, tepe nyekundu hadi kwenye vioo. Halis akanong'ona: "Kombora umelidondosha, vibanio vyake vimebaki chini ya bawa. Navyo vina kona."

Hapo Orhun akatokea ndani ya suti, maua kwapani. Akaanza kuzing'oa tepe, gari moja baada ya jingine, masikio yakimuwaka kwa aibu.

"Nani huyo anayezing'oa?" simu ikauliza.

"Mwanangu. Orhun mwenyewe."

Nazmi alisahau kumeza chai.

"Huyo aje."

"Na mimi?"

"Wewe nakufikiria."

Şükrü akasimama, akavua kofia, akaishika simu kwa mikono miwili.

"Bwana Sadettin, nakuahidi mbele ya hawa mashetani wote: nitakuja kwa miguu, chokoleti nimeificha ndani ya koti, mdomo nimeufunga. Nitaufungua mara moja tu, nimwombe binti, kisha naufunga tena!"