Naomba Nihesabiwe Pamoja na Mbwa

Duluth, Minnesota
Jumapili, baada ya ibada

Kwa Bi. Marjorie Stenrud,
Mwenyekiti wa Bodi,
Makao ya Wanyama ya Makucha Laini.

Bi. Mwenyekiti mpendwa,

YAH: MAJIBU YA BARUA YA ONYO, PAMOJA NA OMBI LA KUPANGIWA KIZIMBA

Natumaini u mzima, na kwamba njia ya kuingilia kwako imeshaondolewa theluji. Mimi ni Lorna Hietala, yule mama wa koti la kijani anayeosha vizimba vya mbwa. Kwenye karamu yetu ya kuchangisha fedha ulinipa glasi yako tupu ukidhani mimi ni mhudumu. Sikukasirika. Niliiosha.

Ijumaa mkurugenzi wetu, Bwana Trevor Lindahl, alinikabidhi barua ya onyo. Ananitaka nijieleze kwako kwa maandishi kwa nini nilibandika picha yangu kwenye ukuta wa wanyama wanaotafuta watu wa kuwachukua, la sivyo nitafukuzwa. Kwa heshima zote, najieleza.

1. Kuhusu jino. Novemba tulimpokea mbwa mzee aitwaye Gunnar, akiwa na jino bovu. Wakati huohuo na mimi nilikuwa na jino bovu, tena upande uleule. Gunnar akapigwa picha ameinamisha kichwa, watu wakachanga dola elfu nne kabla wiki haijaisha, akaletewa daktari wa meno kutoka Minneapolis. Mimi nilimfuata Bwana Trevor kuomba nyongeza, maana dola kumi na tatu kwa saa, ukishalipa kodi ya nyumba na gesi ya kupasha joto, hazikuingizi kwa daktari wa meno. Zinakufikisha mlangoni kwake tu, usome bei, urudi.

Bwana Trevor alinishika bega. "Dada Lorna," akasema, "sisi hapa hatufanyi kazi kwa ajili ya pesa. Tunafanya kwa moyo."

Nikamjibu, "Moyo ninao, bosi. Linaloniuma ni jino."

"Basi tafunia upande mwingine kwanza, tuone bajeti ya mwakani."

Natafunia upande mwingine. Gunnar anatafunia kote kote.

2. Kuhusu wataalamu. Wenzetu walipoacha kazi kwa mfululizo, Bodi iliajiri wataalamu wachunguze kwa nini watu wanaacha kazi. Tuliwaambia siku ya kwanza kwamba ni mshahara. Wakaandika, wakashukuru, wakaendelea kuchunguza majira yote ya joto, kwa malipo ambayo siyataji kwa kuwa leo ni Jumapili. Mwishowe wakapendekeza tuletewe piza. Ililetwa. Ilikuwa imepoa.

3. Kuhusu karamu. Nilipangiwa kusimama karibu na jukwaa nikiwa nimemshika Gunnar, na nikakumbushwa kwamba mfanyakazi haruhusiwi kugusa chakula cha wageni. Samaki wa kukaanga walipita mbele yangu sahani kwa sahani. Bibi mmoja mwenye lulu shingoni akaja akamwinamia Gunnar.

"Maskini wee! Wanampa nini?"

"Nyama ya kondoo na wali, mama."

"Na analala wapi na baridi hii?"

"Ana kizimba chake, mama. Sakafu inapashwa joto."

Machozi yakamtoka. Akachomeka noti ya dola mia kwenye mkanda wa shingoni mwa mbwa, akanitazama, akaniambia nisimame wima, nitaharibu mgongo.

Denny, dereva wetu wa gari la wanyama, akaninong'oneza, "Mama, ungejua kubweka saa hizi ungekuwa tajiri." Alikuwa anatania. Mimi neno hilo nilikwenda nalo nyumbani.

4. Kuhusu picha yenyewe. Hakuna uongo ndani yake. Iliandikwa hivi: "LORNA. Miaka hamsini na tatu. Mpole. Amechanjwa. Anajua kutumia choo. Anaelewana na watoto, paka na wakurugenzi. Ana jino bovu. Anatafuta nyumba yenye joto." Kichwa nilikiinamisha sawasawa na Gunnar. Hadi tunafunga, sanduku la michango chini ya picha lilikuwa na zaidi ya dola mia mbili, na familia moja ya Hermantown ilikuwa imeuliza mapokezi kama huwa ninanyonyoka manyoya.

Bwana Trevor akaja mbio, akaichana picha, akalikumbatia sanduku. "Unatuaibisha mbele ya wafadhili!"

"Na pesa zangu, bosi?"

"Zako? Hizi zimetolewa kwa ajili ya wenye shida. Haziruhusiwi kulipa mishahara!"

Hapo, Bi. Mwenyekiti, ndipo nilipofunguka macho. Kumbe kinachonizuia kusaidiwa ni kuajiriwa. Basi naomba niondolewe kwenye orodha ya wafanyakazi, niandikwe kwenye orodha ya mbwa. Sitaki upendeleo. Kizimba nitakisafisha mwenyewe, jambo ambalo hakuna mbwa wenu aliyewahi kulifanya, hivyo Makao yatapata faida. Familia ikinichukua, ada yake ibaki kwenu. Nisipochukuliwa, najua sera yetu: hakuna mnyama anayetupwa kwa sababu ya uzee. Sera kama hiyo upande wa wafanyakazi nimeitafuta, sijaiona.

Likiwa gumu hilo, iko njia nyingine, ingawa wataalamu hawakuitaja: tulipwe dola ishirini kwa saa, mimi, Denny na wenzetu wote, pamoja na bima ya meno.

5. Hili nilikuwa nimelisahau. Saa za ziada hapa hazilipwi, zinaitwa kujitolea. Kuanzia leo sijitolei tena. Muda wa kazi ukiisha nitaulaza ufagio hapohapo ulipo, na siku zangu za mapumziko sipokei simu ya mtu wala ya mnyama. Nimeapa, sirudi nyuma. Kama ni kunifukuza, nifukuzeni nikiwa nimekaa kwangu.

Nisalimie mumeo, na wajumbe wote wa Bodi, hata yule anayesinziaga wakati wa taarifa ya fedha. Mwambie simlaumu.

Wako mtiifu, kwa leo,
Lorna Hietala

N.B. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, Denny akapiga simu; haya nayaandika mgongoni mwake huku navaa koti. Nilipokea nikidhani ni dada yangu. Kuna mtu amemfunga mbwa mwenye mimba kwenye uzio wa maegesho ya Makao, theluji inaanguka, na ameanza kuzaa. "Mama, mimi najua gari tu! Huyu wa kwanza hapumui, nifanyeje?" Nimemwambia amsugue kwa taulo bila kuacha, ampulizie puani taratibu, naja. Bwana Trevor yuko Arizona kwenye semina ya uongozi, simu kazima. Watoto wa mbwa wachanga hawaachwi peke yao, kwa hiyo wiki hii nitalala hukohuko. Maziwa nitayanunua njiani. Saa hizo msiziandike.