Mizoga ya Jumanne

Idara ya Uratibu wa Vitoweo, kupitia Kamati ya Muda ya Kuupokea Mkahawa, inayo furaha kuutangazia umma wa Garsen na vitongoji vyake kwamba suala la samaki wa Bi Ramla limekamilika kwa mafanikio makubwa, na kwamba hakuna mwanakamati hata mmoja aliyefungwa. Mimi, Jarso Hirbo, nilikuwa Katibu. Naandika haya kwa sababu mitaani kumezuka maneno ya watu wasiokuwa na kumbukumbu za vikao, na mtu asiye na kumbukumbu za vikao huongea tu.

Bi Ramla Harith ana mkahawa Kipini na mwingine Malindi. Watu hutoka Hola asubuhi wakaenda kula changu wake wa kupaka, wakarudi jioni na harufu ya ndimu vidoleni. Mwezi wa pili alileta barua ofisini kuomba leseni ya kufungua tawi hapa Garsen. Ilikuwa barua ya mistari minne. Barua ya mistari minne ni dharau kwa ofisi yoyote, lakini tuliipokea, tukaigonga muhuri na kuiundia kamati.

Mwenyekiti wetu, Bwana Dagane, ni mtu mwenye nia njema na suti mbili. Jambo lake la kwanza lilikuwa kuagiza kwamba katika faili zote Garsen iandikwe “jiji”. Alisema mkahawa uliokwisha kufika Malindi hauwezi kupanuka kwenda kwenye kimji. Lazima upanuke kwenda kwenye jiji. Tangu siku hiyo sisi ni jiji, ndani ya faili.

Uteuzi wa wanakamati ulifanywa kwa uadilifu wa hali ya juu. Mtu anayekula samaki ana maslahi binafsi katika samaki, hilo halihitaji elimu kubwa kulielewa. Kwa hiyo tuliteua watu watano kutoka nyumba za wafugaji ambao hawajawahi kutia samaki mdomoni. Mimi mwenyewe nimelelewa kwa maziwa na nyama. Babu yangu alimwita samaki mdudu wa mtoni, akazikwa na msimamo wake.

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumanne. Bi Ramla alifika na sanduku la barafu, akalifunua mezani. Wanakamati watatu walisogeza viti nyuma. Nikatoa fomu.

Idara yetu ina fomu moja, ile ya Usajili na Usafirishaji wa Mifugo. Ni fomu nzuri. Imetufaa kwa ng'ombe, mbuzi na ngamia, na safari moja kwa mizinga ya nyuki.

“Mama,” Mwenyekiti alianza, “hii mnyama iko na pembe ngapi?”

“Changu hana pembe, Bwana Dagane.”

“Andika sifuri,” akaniambia. “Miguu?”

“Hana miguu.”

Nilifungua kitabu cha kanuni. Kanuni ya saba iko wazi: mnyama asiyeweza kusimama kwa miguu yake ni mgonjwa, na hutengwa siku kumi na nne. Nilimsomea mwombaji kwa sauti.

“Siku kumi na nne,” Bi Ramla alisema polepole. “Kwa joto hili. Mtamtenga yeye, au yeye atawatenga nyinyi?”

Nililiandika kama hoja ya mwombaji.

Pweza alituchelewesha. Kibali kimoja cha kusafirisha hubeba miguu minne, kwa hiyo pweza mmoja alihitaji vibali viwili. Kaa, mwenye miguu kumi, alihitaji viwili na nusu, na kwa kuwa nusu kibali hakuna serikalini, tuliamua kwamba kaa watakuwa wakisafiri wawili wawili. Bi Ramla alishika kichwa. Tukafika kwenye nafasi ya jina la mchinjaji.

“Samaki hachinjwi,” alisema. “Hili hata mtoto wa madrasa analijua.”

“Mimi najua, mama,” Mwenyekiti alimjibu kwa upole. “Dini najua vizuri. Lakini fomu haijui. Sasa hii ilikufa namna gani?”

“Alitolewa majini, akafa.”

“Mwenyewe?”

“Mwenyewe.”

Hapo tukakumbana na kanuni ya kumi na moja, ambayo ina nguvu kuliko ya saba. Mnyama aliyekufa mwenyewe ni mzoga. Mzoga hauuzwi wala haurudishwi kwa mwenye mali. Utateketezwa kwa moto siku hiyo hiyo, mbele ya mashahidi wa umma wasiopungua ishirini, mpaka ibaki mifupa mitupu.

Bi Ramla hakupiga kelele. Aliweka mikono juu ya meza, nikaona kucha zake zimeliwa na magadi na ndimu za miaka mingi.

“Nisikizeni, ndugu zangu. Kule Kipini mai ya bahari yamekula jiko langu. Sasa yako kwenye ukuta wa ukumbi. Nina watu kumi na mmoja wananitegemea, na nimekodi nyumba hapo ng'ambo ya barabara. Mwenye nyumba kanipa mpaka mwisho wa mwezi huu wa tatu. Nisipofungua, anampa muuza simenti. Sina pa kuwarudisha watu wangu. Mimi yeo nataka muhuri tu.”

Kamati iliguswa sana. Tulipitisha azimio la kuguswa, kisha tukaamuru mizoga iteketezwe.

Kazi hiyo ilimwangukia bawabu wetu, Komora, mtu wa Kinakomba aliyekulia mtoni. Alisikiliza maagizo akiwa amesimama wima, kofia mkononi.

“Mkubwa, moto uwe mkali kiasi gani?”

Nilitazama kanuni. Haikusema. “Wowote,” nikamwambia.

“Basi nitaweka makaa, wa polepole. Na chumvi?”

“Chumvi ya nini?”

“Ya kuua wadudu, mkubwa.”

Lilikuwa jambo la kiafya, nikaidhinisha. Ndimu pia niliidhinisha, kwa ajili ya harufu.

Mashahidi ishirini tuliwapata kwa taabu. Ilibidi tuwaite waendesha bodaboda wa steji, nao walikuja wakinung'unika. Baada ya nusu saa moshi ulipita uani, ukavuka ua, ukaenda hadi sokoni, na mashahidi wakawa sitini. Nilikagua mabaki mwenyewe. Mifupa ilikuwa mieupe, mikavu, haina hata uzi wa nyama. Katika miaka yangu kumi na tisa ya utumishi sijaona kanuni ikitekelezwa kwa ukamilifu namna ile.

Kwa bahati mbaya, vielelezo vikiwa vimeteketea, Kamati haikuwa na kitu cha kutolea uamuzi. Tukamwandikia Bi Ramla alete vingine Jumanne ya pili, pamoja na makaa ya kuviteketezea. Alileta, kwa sababu asingeleta ombi lake lingehesabiwa limeachwa. Vikaonekana ni mizoga vilevile. Siku hiyo Gladys, mkewe Komora, alifika na sufuria ya wali wa nazi ili mashahidi wasizimie kazini, na mashahidi wenyewe wakaja na sahani, kwa hiari yao. Jumanne ya tatu tulisajili mashahidi mia mbili na kumi na wanne, wengine kutoka Tarasaa na Kilelengwani. Tulitoa madawati ofisini, tukafunga turubai. Ajenda ya siku ilibandikwa langoni mapema, maana watu walitaka kujua kama kuna pweza.

Ni hapo Mwenyekiti alipogundua thamani ya zoezi. Bwana Dagane amegombea viti viwili vya siasa na kuvikosa vyote, na siku zote tatizo lake limekuwa wasikilizaji, ambao huondoka. Hawa hawakuondoka. Isitoshe, mtu mwenye mfupa mdomoni hapingi hoja. Alihutubia saa moja na nusu, akiwa amesimama karibu na moto ili asikike, kitambaa puani kati ya sentensi na sentensi. Wiki hiyo likatundikwa bango juu ya lango, jekundu, lenye picha yake: DAGANE AMETULETEA SAMAKI.

Bi Ramla alilikuta bango hilo alipokuja kuchukua sanduku lake tupu. Alisimama chini yake akitazama changu wake wakipita kwenye sahani za watu.

“Samaki wangu, makaa yangu, jina lake,” aliniambia.

Nilimweleza kwamba huo ndio unaoitwa ushirikiano baina ya sekta ya umma na sekta binafsi, na kwamba wengine huutafuta maisha yao yote. Mwezi ulikuwa umebakiza siku kumi na mbili. Nakiri kwamba sura yake ilinitia simanzi kidogo, lakini simanzi haina nafasi katika fomu.

“Haya,” akasema. “Nipe kumbukumbu za vikao vyote vitatu. Kila ukurasa na muhuri wake.”

Nilikaribia kulia. Katika miaka kumi na tisa hakuna mwananchi aliyewahi kuomba kumbukumbu zangu. Nilimchapia nakala safi, nikatia muhuri na sahihi kila ukurasa, nikaweka idadi ya mashahidi, aina za mizoga, sahani zilizotumika na picha nne za rangi, mojawapo ya bango. Kesho yake alipanda gari la Hola. Nilidhani anakwenda kumwonyesha mtu kazi yangu, na kwa kweli ndivyo ilivyokuwa.

Jumanne ya nne, Komora akiwa anageuza nguru, liliingia gari la afya ya umma. Akashuka afisa kijana aitwaye Valary, koti jeupe, buti za mpira, na faili langu kwapani. Nyuma yake askari wawili wa kaunti, ambao macho yao yalikwenda moja kwa moja kwenye wali.

“Mwenye hoteli ni nani?” aliuliza.

“Hii si hoteli, dada,” Mwenyekiti alisema. “Hii ni kamati.”

“Tunateketeza mizoga,” nikaongeza.

Valary aliangalia benchi la kwanza. “Na hawa?”

“Mashahidi.”

“Huyu anaomba pilipili.”

“Ni shahidi makini.”

Alikwenda langoni akasoma ajenda kwa sauti, kwa utulivu wa mtu anayesoma menyu. Moja, changu. Mbili, nguru. Tatu, pweza wa nazi iwapo muda utaruhusu. Nne, mengineyo.

“Leseni ya kulisha watu iko wapi?”

“Lakini leseni ni sisi tunatoa,” Mwenyekiti alisema.

“Mmejipa?”

Hatukuwa tumejipa. Hakuna aliyekuwa ameomba.

“Basi nauliza tena. Mwenye hoteli ni nani?”

Kamati nzima iligundua kwa pamoja kwamba ardhi ya uani ina mambo mengi ya kutazama. Komora, ambaye tangu aajiriwe hajawahi kujibu swali mbele ya mkubwa, alifuta mikono kwa aproni ya mkewe.

“Si imeandikwa pale juu, dada,” akasema.

Macho ya watu mia mbili yakapanda kwenye bango, na ya Valary yakapanda nayo. Mwenyekiti alifungua mdomo kukana. Kukana kungemaanisha kusema mbele ya wapiga kura wote wale kwamba samaki si wake. Nilimwona akipima mambo mawili, kosa la jinai na kura, na nadhani alichelewa kidogo kuchagua. Valary alikwisha kuandika jina.

Lango lilifungwa kwa mnyororo saa nane mchana. Kosa: kuendesha biashara ya chakula bila leseni. Mwenye biashara: Dagane. Meneja: Jarso Hirbo, kwa ushahidi wa sahihi yake katika kila ukurasa. Kamati ikiwa haina tena mahali pa kukaa, maombi yote yaliyokuwa mbele yake yalihamia kwa Valary, na hayo yote lilikuwa ombi moja. Alivuka barabara kwa miguu hadi nyumba aliyokodi Bi Ramla. Alikuta vigae, maji ya bomba, friji mbili na vijana kumi na mmoja wamekaa kwenye ngazi bila kazi. Akaweka muhuri akiwa amesimama. Ilimchukua dakika ishirini, na mimi nasema hadharani kwamba huo si utendaji, ni haraka.

Bi Ramla alifungua siku moja kabla ya mwezi kwisha. Muuza simenti alikuja kuangalia nyumba, akakaribishwa samaki, akaondoka bila kuiulizia. Komora alijiuzulu kwa barua ya mistari miwili, na sasa ana jiko lake la makaa pale, na Gladys ana sufuria kubwa kuliko ya awali. Watu wa Hola siku hizi wanaishia Garsen.

Sisi nasi mambo yetu yanakwenda vizuri. Amri ya Valary inasema kila aliyehusika na biashara ile apate cheti cha afya cha wahudumu wa chakula, na cheti hicho, kama kila mpika chapati anavyojua, hupatikana kwa kupeleka choo maabara. Jumatatu asubuhi mimi na Mwenyekiti tulikuwa foleni, yeye katika suti ile ya pili, kila mmoja na kichupa chake. Mbele yetu alikuwa muuza mahamri, nyuma yetu vijana wa Bi Ramla, wanaotaka vyeti vipya.

“Kazi?” mama wa maabara aliuliza bila kuinua uso.

“Mwenyekiti,” alisema Bwana Dagane.

“Hapa wamesema hoteli. Ulikuwa unapika?”

“Hapana. Bawabu alipika.”

“Ulikuwa unapakua?”

“Mke wa bawabu.”

Aliinua uso, akatutazama sote wawili, suti na mafaili.

“Sasa nyinyi mlikuwa mnafanya nini?”

Mwenyekiti alinigeukia, maana maswali magumu ni kazi ya Katibu.

“Tulikuwa tunahutubia,” nikasema.

“Chakula kikiwa wazi?”

“Kikiwa wazi.”

“Kwa muda gani?”

“Saa moja na nusu, karibu na moto.”

Alifungua droo, akatoa vichupa viwili zaidi na kutusukumia.

“Basi na mate tutapima.”