Maji Yaliyokomaa

Kuanzia Jumatatu, Mamlaka ya Maji ilitangaza kwa fahari kubwa, hakutakuwa tena na maji magumu mjini. Mitambo haikuguswa, mabomba hayakuguswa, na kisima kilikuwa kilekile cha miaka yote. Kilichobadilika ni jina. Maji hayo sasa yangeitwa maji yaliyokomaa, na ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya mabirika ungeitwa Ushahidi wa Huduma.

Wazo lilikuwa la Mkurugenzi mwenyewe, na lilimjia wakati mwafaka, maana ngazi za ofisi yake zilijaa watu waliobeba vyombo vilivyokufa. Mashine za kufulia zilikuja kwa mikokoteni. Fundi cherehani mmoja alipenya hadi mbele, pasi ya mvuke mkononi.

"Mzee, pasi yangu inatema unga mweupe. Suti nyeusi ya bwana harusi imeharibika yote!"

"Huo si unga, ndugu yangu," Mkurugenzi alimjibu kwa upole wa kiofisi. "Hayo ni madini ya kalsiamu. Yanaimarisha mifupa."

"Kwani suti inaumwa mifupa?"

Swali hilo lilipelekwa kwenye kamati ndogo.

Waziri alilifurahia mno wazo hilo la jina. Huyu, alisema, ndiye mtu wa kukalia kiti cha Katibu Mkuu, kiti ambacho Mkurugenzi alikuwa akikiota hata akiwa macho, vikaoni. Ila kwanza Waziri angepita nyumbani kwa Mkurugenzi Jumamosi, mbele ya kamera, afunue birika, alionyeshe taifa Ushahidi, anywe chai ya maji yaliyokomaa, kisha amkabidhi barua ya uteuzi hapohapo sebuleni.

Mkurugenzi alirudi nyumbani anapiga mluzi. Mkewe alimwacha amalize.

"Ushahidi upi, baba watoto? Birika letu linang'aa mpaka unaweza kujinyolea ndevu humo ndani."

Lo! Ni kweli. Tangu apewe cheo, nyumba yake haikuwahi kuonja maji ya bomba. Kila wiki lori la Mamlaka lilimletea maji ya chemchemi, laini, sabuni ikiyagusa tu povu hilo. Kiofisi utaratibu huu uliitwa Ufuatiliaji wa Ubora, na ulifuatiliwa kwa makini sana.

Akafungua bomba la bustanini, lililokuwa limeanza kupata kutu, akachemsha maji mchana kutwa. Akaambulia utando mwembamba kama vumbi la chaki. Kwa utando ule hapewi hata ukarani. Akavaa tai, akaenda kwa mama mkwe.

Mama mkwe aliishi bondeni, ambako mashine yake ya kufulia ilikuwa imegeuzwa meza ya kuwekea televisheni. Alishakwenda Mamlaka kulalamika hadi walinzi wakamzoea, na kila safari aliambiwa mkwewe yuko kikaoni. Alipomwona mlangoni na tai, alidhani kuna msiba.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuazima birika."

"Marahaba baba. Birika? Na lile nililompa mwanangu?"

"Nataka lenye ukoko, mama."

Mama mkwe alimtazama kwa huruma, kama anavyotazamwa mgonjwa. "Haya. Ila langu lina tabia zake. Haliendi mahali bila mimi."

Jumamosi sebule ilifurika. Waziri alifunua birika, na kamera zikasogea. Ukoko ulikuwa mnene, umepanda tabaka juu ya tabaka, na kipande kimoja kilidondoka kikalia kama kigae.

"Hii ndiyo huduma!" Waziri alisema. Watu wakapiga makofi.

Birika likawashwa. Likaguna. Waziri akahutubia, akamaliza, birika bado linaguna. Akarudia hotuba.

"Vumilieni," mama mkwe alisema. "Mimi nikiliwasha asubuhi, chai nainywa mchana."

Watu wakacheka, Waziri naye akacheka, akatia mkono mfukoni na kuitoa barua. Mkurugenzi aliinyoosha tai yake. Hapo ndipo honi ilipolia getini.

Dereva wa lori aliingia, kofia mkononi, mtu wa adabu. Kwa ule msongamano wa wapiga picha hakumwona Waziri aliyekaa nyuma yao.

"Hodi jamani, samahanini. Mama, naomba mnifungulie tangi, nina haraka. Nikitoka hapa nampelekea Mheshimiwa Waziri, na wiki jana nilichelewa, alinigombeza vibaya."

Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja. Birika nalo likachagua wakati huo kuchemka.

"Huo ni Ufuatiliaji wa Ubora," Mkurugenzi alisema, lakini sauti ilimtoka nyembamba na hakuna aliyeigeukia.

Mama mkwe alisimama, akakifunga vizuri kilemba chake. "Mheshimiwa, nimefurahi sana. Nyinyi viongozi mmekomaa, kwa hiyo maji yaliyokomaa yanawafaa. Sisi wa bondeni bado wachanga. Hilo lori tupeni sisi."

Waziri aliitazama kamera. Kamera nayo ilimtazama, haikupepesa.

"Hilo hasa," akasema, "ndilo tangazo lililonileta hapa leo." Barua ikarudi mfukoni taratibu. Kisha, kwa kuwa nchi nzima ilikuwa inamwangalia, alikunywa chai yake yote, akitafuna kidogo.

Wiki haikuisha, Mkurugenzi alijikuta bafuni na sabuni kichwani iliyogoma kutoa povu, imenata kama gundi, na bomba la mvua juu yake limeziba, linadondosha tone moja moja. Alitoka mbio, akampigia mama mkwe.

"Shikamoo mama. Naomba ndoo moja tu, nisuuze kichwa."

"Marahaba baba. Njoo na ndoo yako. Foleni ya lori inaishia kwa fundi cherehani."

Alifika bondeni amejiviringisha taulo kichwani. Hatua chache mbele kwenye foleni alikuwepo dereva wa Waziri na madumu yake, ameinamisha uso. Fundi cherehani alisogea kidogo, akampa nafasi nyuma yake.

"Karibu mzee," alisema. "Vipi, mifupa inaendeleaje?"