Ukurasa wa 214

Jumatatu, 20 Novemba

Maktaba, saa nane mchana. Askari polisi wa kike kutoka mji wa Regina kaja kutufundisha habari za wezi wa mtandaoni. Viti ishirini, wazee tisa, biskuti za Verna Hovland. Verna ndiye aliyemwalika, basi kakaa mbele kama mama wa bibi harusi. Nilisoma naye darasa moja. Tangu siku hizo anajua kila kitu.

Askari alisema mwizi wa siku hizi havunji dirisha. Anajifanya wewe. Anaiambia kompyuta kwamba amesahau neno la siri, kompyuta inamwuliza maswali matatu, akijibu sawasawa mlango uko wazi. Akatuonya tusichague maswali ambayo majibu yake watu wanayajua. Nikajipongeza moyoni. Yangu ni ya ndani kabisa! Mnyama wangu wa kwanza, gari langu la kwanza, na mahali tulipokula fungate mimi na marehemu Stefka. Nani atayajua hayo?

Verna akageuka na kiti chake. Akauliza, mbele za watu, kwani shemeji Orest umesahau kwamba yako yote yamo kitabuni?

Nimerudi nyumbani mbio, kwa kadiri barafu ilivyoniruhusu. Kitabu cha historia ya mji wetu kilichapishwa mwaka 1983, kila familia ikaandika ukurasa wake. Ukurasa wa 214: Familia ya Hrynchuk. Mwandishi: mimi mwenyewe! Mbwa wetu wa kwanza, Burko, aliyekula kofia ya padre. Lori la kijani la kwanza. Fungate, siku mbili mjini Moose Jaw, mvua ikinyesha. Nakala mia tatu! Hakuna nyumba isiyokuwa nayo. Mhariri: Verna Hovland. Nakumbuka alivyonisumbua niongeze habari za mbwa, eti watu wanapenda mbwa.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Niandike kinachoniogopesha hasa. Stefka alipolazwa, wiki zile za mwisho, alinitumia kwa barua pepe jumbe kumi na moja za sauti. Namna ya kupika supu ya borshi. Siku ya kutoa takataka. Namna ya kuikaripia tanuri ya kupasha nyumba joto ikigoma kuwaka. Kila Jumapili nasikiliza mmoja nikinywa kahawa. Mwizi akiingia akazifuta, nitakuwa nimefiwa naye mara mbili. Sitalala.

Jumanne, 21 Novemba

Nimelala, lakini nimeamka na mpango.

Wembe!

Kama majibu yamo kwenye ukurasa wa 214, ukurasa wa 214 utoke. Mia tatu si nyingi. Nusu ya wenye vitabu wamekwisha kufa au wamehamia Calgary. Nimeanza na vilivyo wazi kwa umma. Zahanati: dakika mbili, nesi alikuwa akipima mtu presha. Ukumbi wa kanisa: nilijifanya natafuta miwani. Kinyozi: aliniona, nikamwambia nanakili anwani. Kurasa tatu zimo kwenye jiko la kuni. Nilijisikia kijana.

Zimebaki mia mbili tisini na saba.

Jumatano, 22 Novemba

Balaa.

Sikuwa nimeangalia upande wa pili wa karatasi. Nani alinifundisha kuangalia upande wa pili wa karatasi? Ukurasa wa 213 ni wa akina Hovland. Pamoja na picha kubwa ya babake Verna akiwa na fahali aliyeshinda medali.

Asubuhi kwenye meza ya kahawa, katika duka la ushirika, wazee hawakuwa na habari nyingine ila mzee Hovland kukatwa vitabuni. Tulirusha dadu kama kawaida kuona nani atalipia, lakini hakuna aliyeangalia dadu. Mmoja alisema ni chuki ya zamani juu ya yule fahali, maana medali ile ilikuwa na maneno. Mwingine kasema ni wakusanyaji wa vitu vya kale. Wakaniuliza mimi naonaje. Nikasema dunia imeharibika. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya wembe.

Mchana nikaenda maktaba kummalizia mzee Hovland wa nne. Nimefungua kitabu, nimeshika wembe, nasikia mtu anakohoa. Verna. Alikuwa amejificha nyuma ya rafu ya vitabu vya kupika tangu asubuhi, na chupa yake ya chai! Mwanamke wa miaka sabini na sita!

Akaniuliza babake amenikosea nini. Nilimweleza ukweli wote: wezi, maswali, Burko, Moose Jaw. Alinitazama kwanza kama anayetafuta dalili za kiharusi. Kisha akacheka mpaka akashika rafu. Akasema badala ya kukata vitabu mia tatu, wewe shemeji si ubadilishe majibu? Kompyuta haijui kama ulikuwa na mbwa au mamba. Idanganye! Halafu uyaandike majibu yako kwenye daftari, ulitie kwenye droo ya jikoni, maana mwizi wa mtandaoni hafiki jikoni kwako.

Kudanganya: wazo zuri, hata mimi nilikuwa karibu kulifikia. Daftari: upuuzi mtupu. Siri ikishaandikwa si siri tena.

Adhabu yangu ni kutafuta nakala ya ukurasa huo, kuitoa kivuli mara tatu na kubandika mwenyewe. Babake mtu hachomwi hivi hivi, kasema.

Jumamosi, 25 Novemba

Siku mbili za gundi. Zahanati, kanisa, kinyozi. Kinyozi alinikata nywele bure, kwa huruma nadhani.

Leo jioni kazi yenyewe. Nimebadilisha kila kitu. Neno jipya la siri lina herufi ishirini na mbili, kubwa na ndogo, namba, nyota na alama nyingine nisiyojua jina lake. Nililiandika macho yangu yakiwa ukutani ili mtu wa dirishani asifuatishe vidole. Kisha nikajibu yale maswali matatu kwa uongo mtamu ajabu. Niliandika haraka, bila kufikiri, maana mtu akifikiri huacha nyayo.

Hakuna daftari. Yote yamo kichwani. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na mimi za kwangu zimekatwa leo.

Jumapili, 26 Novemba

Kahawa tayari. Kiti tayari. Zamu ya ujumbe wa nne, ule wa soksi za sufu.

Neno la siri: si sahihi. Tena: si sahihi. Mara tano! Herufi kumi za mwanzo nazijua. Zilizobaki zilikuwa ukutani.

Basi maswali. Nikacheka. Maswali si nimeyajibu jana tu? Mnyama wako wa kwanza?

Kichwa cheupe kama shamba la theluji lililo nje. Nakumbuka alikuwa mnyama wa heshima. Nikaandika Tai. Gari, nikaandika la fedha. Fungate, Paris, maana nani asingependa Paris? Si sahihi. Nikajaribu tena: Chui, limozini, Roma. Si sahihi.

Kisha maandishi mekundu. Limebaki jaribio moja. Nikikosea, akaunti inafungwa na vilivyomo vinafutwa.

Nimekaa hapo mpaka kahawa ikaganda utando. Nimeogopa mwizi wiki nzima, na mwizi nilikuwa mimi. Nilijaribu kuikumbuka sauti yake inavyosema jina langu, ile O anayoivuta akiwa amekasirika. Niliipata kidogo, kisha ikapotea. Nimelia. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatatu, 27 Novemba

Msaada umepatikana! Nimetafuta mtandaoni namba ya simu ya wahusika, na ya kwanza kabisa kutokea ilipokelewa papo hapo. Kijana mpole sana. Aliniita mpendwa mteja mara nane. Hata binti yangu haniiti mpendwa. Alisema tatizo langu ni dogo. Aliuliza jina la ukoo wa mama yangu, nikamwambia Bodnar, na nikamtajia ukurasa.

Ada ya kufungua italipwa kwa kadi za zawadi za dukani. Kumi. Nizikwangue mgongoni mwa kadi nimsomee namba kwa simu. Niliona ni ajabu kidogo, lakini kila ofisi ina taratibu zake.

Nipo kwenye foleni dukani na kadi zangu kumi, mkono kutoka nyuma ukazinyakua zote. Verna! Mwanamke huyu ana miguu ya paka. Akauliza, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye maziwa, wewe Orest, ni nani aliyekutuma kadi? Yule askari alituambia nini kuhusu kadi? Nikajibu kwamba wakati wa kadi nilikuwa nimekwisha kukimbilia nyumbani, kwa sababu yake yeye. Akasema hakuna ofisi duniani inayolipwa kwa kadi za zawadi, hata ofisi ya shetani. Akaniuliza kuna nini huko ndani ya kompyuta cha kunitoa akili hivi. Picha chafu?

Nikamwambia. Sauti ya Stefka. Jumbe kumi na moja.

Hakuwa akijua. Miaka arobaini walikuwa marafiki, walikunja holubtsi, wali na nyama ndani ya majani ya kabichi, pamoja kila Krismasi, na sikuwahi kumwambia. Alizirudisha kadi kwenye rafu, moja moja, kwa mpangilio. Kisha akasema kesho saa nne atakuja, na nisiguse kitu. Hata panya wa kompyuta nisimguse.

Kijana mpole amepiga simu mara sita. Sikupokea. Nilitamani kumuaga.

Jumanne, 28 Novemba

Saa nne kamili. Verna, keki ya mbegu za popi, kalamu nyekundu. Alileta kalamu nyekundu!

Aliketi mbele ya kompyuta, mimi nikawekwa kando kama mwanafunzi. Nikaanza kusema huenda ni farasi, huenda ni simba. Akaninyamazisha. Alisema nisijisumbue kukumbuka, maana ananijua. Njia ya mwongo ni fupi, shemeji, na yako haivuki uzio wa nyumba yako. Mtu akidanganya kwa haraka huangukia pale alipokuwa anatamani.

Mnyama wa kwanza. Akasema darasa la nne uliwaambia watoto wote kwamba babako amekununulia farasi wa kijivu anayeitwa Sultani. Ulitembea na hatamu mfukoni mwaka mzima. Akaandika Sultani. Nikaona aibu ya miaka sitini na sita inanipanda shingoni. Ndiyo. Ilikuwa Sultani.

Gari la kwanza. Akasema jekundu, lisilo na paa, la yule mwana wa daktari. Ulikuwa ukilizunguka kanisani kama nzi. Akaandika.

La tatu akaweka kalamu mezani. Nikamwambia nilishajaribu Paris na Roma. Akatikisa kichwa. Akasema hayo ni ya kwako ya kujionyesha mbele za watu. Kisha akaandika Hawaii.

Stefka alitaka Hawaii tangu zile siku mbili za mvua za Moose Jaw. Kila mwaka nilimwambia baada ya mavuno. Tukaacha kulima, nikamwambia baada ya kubadilisha paa. Mwisho aliacha kuuliza. Verna alisema aliniona nikimwahidi kwenye harusi ya binti yetu, na Stefka akamkonyeza. Alisema hakukuwa na uchungu katika konyezo lile, nisijitese. Akabonyeza.

Ikafunguka.

Nikasikiliza ule wa soksi. Orest, sufu haifuliwi kwa maji ya moto, utazivaa mwenyewe zikiwa za mwanasesere. O ile ile. Verna alifuta macho kwa kitambaa cha vyombo. Kisha akauliza mbona huu wa saba unaonyesha haujawahi kusikilizwa mpaka mwisho? Nikasema hauna maana, hauna maana hata kidogo. Akaufungua. Stefka anasema: Orest, Verna akikuambia jambo, lisikie mara ya kwanza. Utakuwa umeokoa muda wa watu wote.

Nilikuwa nimesikia sekunde nne za mwanzo za ujumbe ule mwaka jana, kwenye simu, nikauzima.

Verna hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alitoa kwenye mkoba kijiti cha flashi kipya, akasema jumbe zote zinakiliwe humo leo leo, na majibu matatu yaingie daftarini, na daftari liingie kwenye droo. Nikaapa. Nikaapa kwa jina la marehemu. Akaniachia keki.

Jumamosi, 2 Desemba

Wiki njema. Nimefikiri sana, na nimegundua tundu ambalo hata askari wa Regina hakuliona.

Verna anajua majibu yote! Na anajua si kwa sababu alisoma mahali, anajua kwa sababu ananijua mimi. Basi hatari haikuwa kitabu wala kompyuta. Hatari ni kuwa na majibu yanayotoka moyoni. Yasitoke moyoni!

Leo asubuhi nimechukua katalogi ya mbegu iliyokuja kwa posta. Nikafumba macho, nikafungua popote, nikaweka kidole. Mara tatu. Majibu mapya matatu, hayana uhusiano wowote na maisha yangu. Hakuna binadamu atakayeyabahatisha. Katalogi nimeitia kwenye jiko la kuni ili kusibaki ushahidi. Neno la siri nalo nimelibadilisha, nikiangalia ukutani.

Daftari lingeharibu kazi yote. Flashi iko kwenye kifuko chake, nitanakili kesho kwa utulivu, baada ya kahawa.

Saa tano. Nilitaka kusikia tena ule wa saba, nimeanza kuuzoea. Majaribio mawili yameshakwenda.

Nimempigia Verna. Hakuniuliza kitu, alisema tu anavaa viatu vya theluji. Amefika, anakung'uta miguu mlangoni, ana kalamu yake. Ananiuliza shemeji, nipe hata dokezo moja, ulikuwa unatamani nini?

Sikutamani kitu, nimemwambia. Ninachokumbuka ni kwamba mnyama wangu wa kwanza alikuwa mboga.