Papa wa Kuazima Kabla ya Vunjajungu

Jumamosi, 7 Februari. Mahjar, Jeddah.

Murad, mjukuu wangu, kichwa chako nazi isiyo tui! Nimemwambia hivyo hivyo kwenye simu. Naye yuko huko Riyadh, mtaa wa Suwaidi. Fedha za tikiti yangu ya Pemba kazichezea dau la hisa. Hisa gani, ilhali hata kitanda chake ni cha kukodi? Kaeleza: unaazima hisa za watu, unaziuza zikiwa ghali, unangoja bei ianguke, unazinunua rahisi, unamrudishia mwenyewe, kinachobaki chako. Hisa zilikwisha anguka, wakubwa washawalaumu wenye mchezo huo kuwa wameua soko, ndipo Murad akaingia. Zikapanda. Halas.

Dada yangu Mwanakombo yuko Wete, macho yanamfifia. Kila Ijumaa anaanika godoro langu. Mwaka wa tatu huu. Nataka anione, si anipapase kama embe la gengeni.

Jumapili, 8 Februari.

Nimewaza. Mchezo wa Murad si mbaya. Mbaya ni Murad.

Mie namjua papa mkavu. Shaaban ikikaribia kwisha, kila Mswahili wa hapa anamtaka kwa vunjajungu, karamu ya mwisho kabla ya kufunga. Bei juu! Ramadhani ikiingia, nani atakula chumvi ile kwenye daku, kisha ashinde na kiu katika jua la Jeddah? Bei chini!

Nikaenda kwa jirani yangu Ruqayya. Nikamwomba aniazime papa wake wote wa kwenye friza, nitamrudishia Ramadhani, kilo kwa kilo. Akauliza wa nini. Nikamwambia jirani haulizwi. Akasema jirani ndiye wa kuulizwa, lakini akatoa.

Hii si kamari. Kamari ni ya kwenye simu.

Jumanne, 10 Februari.

Papa kauzwa! Kawachukua wote Shirleen, Mkenya anayepika kwa madam mmoja kule Rawdah. Hakubishia bei hata kidogo. Nikamwonea huruma, mtoto wa watu hajui kununua.

Nikampigia Mwanakombo, nikamwambia godoro litandikwe shuka. Akauliza kama kidoti changu cha shavuni bado kipo, maana uso wangu wote umeanza kumpotea, kidoti tu ndicho anachokishika. Nikamkaripia, aache uchuro. Nilipokata simu nikakipapasa. Kipo.

Alhamisi, 12 Februari.

Balaa! Wakwe wa mwanawe Ruqayya wanakuja kutoka Riyadh kula vunjajungu. Wanataka papa wa nazi. Ruqayya anataka papa wake Jumatatu. Nikamkumbusha tulisema Ramadhani. Akasema muda haupangwi na aliyeazima. Akafungua friza langu bila kubisha. Barafu na ndimu mbili.

Jumamosi, 14 Februari.

Papa mafi, hakuna! Nimezunguka Mahjar nzima, duka hadi duka. Kipande kikipatikana, nikiuliza bei inapanda, nikiuliza tena inapanda. Nadhani wananinusa.

Dukani wanawake wananisema mbele yangu. Ati Bi Mwatima ndiye aliyemaliza papa, kawaharibia watu vunjajungu. Mie! Nikawajibu aliyemaliza papa ni bahari. Mwenye duka akasema mbona bahari haikuonekana kwa Ruqayya na kapu. Wakacheka mpaka mmoja akashika gunia la mchele asianguke. Wajinga. Siku zote wakitafuta wa kumlaumu wanamtafuta mwenye akili.

Jumatatu, 16 Februari.

Teksi hadi Rawdah. Shirleen kanipokea jikoni, chai tayari, kama alikuwa akinisubiri. Papa wote wapo! Hajapika hata mkia. Bei yake maradufu. Nani kamwambia kuwa ni wa kuazima? Mie mwenyewe, siku ile, katika kujisifu.

Nikamwambia mtoto mwenye adabu hamfanyii bibi hivi. Akanimiminia chai, akaniita bibi kwa Kikenya chao, "Shosh, pole, na mimi nina mama Kisumu ananingoja." Fedha zote zikarudi kwake, na vipuli vyangu vya harusi juu.

Jumanne, 17 Februari.

Ruqayya kaniletea sahani. Papa wa nazi, nazi nzito, pilipili mbuzi, vile vile Mwanakombo anavyompika. Nilisema sili. Nikala. Nikalamba vidole, machozi yananitoka. Ruqayya akauliza kulikoni. Nikamwambia katia pilipili kama hana akili.

Jumapili, 22 Februari.

Mwanakombo kapiga. Anasema mwezi ulipoandama watoto walimshika kichwa wakamwelekeza ulipo, naye akawaambia kauona ili wasihuzunike. Hakuuona. Nikamwambia Mfunguo Mosi, Ramadhani ikiisha tu, nitakuwa Wete. Akauliza kweli. Nikamwambia mie sisemi uongo.

Basi nimekaa, nimeliona kosa. Kosa ni papa. Papa hana uaminifu. Kitu chenyewe ni tende! Ramadhani tende ghali, sikukuu ikipita hakuna anayezitazama.

Nimempigia Murad. Nimemwambia anyamaze na asikilize. Kesho ukitoka kazini, pita kwa majirani wote wa Suwaidi, mlango kwa mlango, waazime tende, boksi kwa boksi, uziuze zote kabla ya kumi la mwisho. Na ole wako umwambie mtu ni za nani. Yalla!