Nyuzi Nane na Shemeji Mmoja

Jumatatu, 3 Juni
Itangazwe kwa wote: kuanzia jioni hii, nyuzi zote za nyumba hii ziko chini ya mamlaka yangu. Kisa ni binti yangu wa mwisho. Alikuwa akimsukia rafiki yake bangili ya urafiki, ile ya mafundo, nyuzi nane, rangi nne. Jana akajikata kidole akimenya kitunguu. Na rafiki anahama na wazazi wake Jumamosi. Nikasema lete hapa, baba yako ni mtunza stoo, kupanga vitu ndiyo kazi yangu. Mtoto akanionya kwamba mafundo si tabu. Tabu ni kuzuia nyuzi zisichanganyikane. Nikacheka. Shemeji, dada wa mke wangu, anayekaa kwetu huku paa lake likitengenezwa, naye akacheka. Sikupenda alivyocheka.

Jumanne, 4 Juni
Mpango wa kwanza: kila uzi na kibanio chake cha nguo. Nane zimening'inia ukingoni mwa meza, zimetulia kama wanafunzi siku ya mkaguzi. Nikaenda kazini kifua mbele. Kurudi, vibanio viko kwenye kamba ya nguo, vimeshika mashuka. Nyuzi ziko dirishani, donge moja. Shemeji akaniuliza tangu lini uzi mkavu ukaanikwa. Nimefikiri mpaka sasa.

Jumatano, 5 Juni
Stoo yetu ina kanuni: mzigo hufungwa kichwani na miguuni. Nyuzi zangu zilifungwa kichwani tu, ndiyo maana zinazurura. Nikazifunga na miguuni, fundo la kibabe. Nikaanza kusuka. Ajabu. Kila nikipishanisha nyuzi juu, chini nazo zinapishana zenyewe. Nikafumua chini, kazi ya juu nayo ikafumuka. Kuna mtu ananichezea. Nikamuuliza shemeji, kwa upole, alikuwa wapi. Akasema alikuwa amekaa mbele yangu muda wote, akinywa chai.

Alhamisi, 6 Juni
Labda meza ndiyo mbovu. Leo nimefungia kichwa cha bangili kwenye tanzi la mkanda wa suruali. Miguu nikaifungia kwenye kiti, ivutike vizuri. Mara hodi: mama wa yule rafiki, amekuja kuaga. Nikasimama kumkaribisha. Kiti nacho kikasimama. Tukamsalimia wote wawili. Shemeji akamwambia asijali, hivi ndivyo tunavyopokea wageni wa heshima. Binti yangu hakucheka. Alisema tu, taratibu, kwamba keshokutwa asubuhi mwenzake hayupo.
Afadhali angecheka.

Ijumaa, 7 Juni
Shemeji kanipa mkasi kwa mikono miwili, kama anakabidhi zawadi ya harusi. Nikaukataa. Mtunza stoo hakati mzigo. Badala yake nikanunua bangili iliyokwisha sukwa, nikamkabidhi mtoto nikidai ndiyo ile. Nikamweleza kuwa uzi ukishikwa sana hubadilika rangi, hivyo nyekundu na njano kugeuka nyeusi si ajabu. Akanitazama. Mhasibu wetu hunitazama hivyo ninapomweleza kwamba panya wamekula boliti.

Jumamosi, 8 Juni
Kazini nitasema niliimaliza bangili. Hapa niseme kweli. Rafiki mtu alikuja mwenyewe asubuhi, akaliona lile donge, akauliza nani kafunga huku chini. Shemeji akanielekeza kwa kidevu. Yule mtoto akachukua mkasi, akakata fundo langu la miguuni, akazitoa nyuzi moja moja. Donge likaisha kama halikuwahi kuwapo. Wakakaa kizingitini: mgeni anafunga mafundo, wangu anampokeza rangi kwa mkono mzima. Kichwa cha bangili wakakifunga kwenye kidole gumba changu, ili, walisema, nisiguse kitu kingine. Nilikuwa msumari. Gari likapiga honi bangili ikiwa nusu. Rafiki akaivaa hivyo hivyo, mikia inaning'inia, akasema nusu iliyobaki watamalizia binti yangu akienda kumtembelea. Wakacheka, kisha hawakucheka. Shemeji akasema, kwa misumari, hajaona msumari uliotulia kama mimi.

Nimeguswa. Kwa hiyo mchana nimepanga nyaya za nyuma ya televisheni, zilikuwa aibu tupu. Nimezifunga vizuri, kichwani na miguuni. Sasa redio ndiyo inazima televisheni, na chini kuna fundo ambalo sikulifunga mimi.
Nitamuuliza shemeji alikuwa wapi.