Jiwe la Nyuma ya Tairi

Jumatatu, 11 Februari 2002
Leo nimekuwa shofere! Miaka sitini na moja, meno saba, kamio nzima ya mizigo mukononi. Volkano ilikula nyumba yangu mwezi uliopita. Naona imeona haya, imenilipa kwa kazi. Shofere wa zamani alikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, siku ya moto, hajarudi. Mama Émérance, mwenye kamio, amesema atanijaribu mpaka Jumamosi. Kamio isipopata mkwaruzo, kazi ni yangu. Ikipata, nitaendelea kulala kwa shemeji yangu, anayenikodolea macho kila nikimeza mboga yake ya sombe.

Nilimwambia nina miaka arobaini na tisa. Akatazama kichwa changu cheupe, akauliza kama hayo ni majivu ya volkano. Nikasema ndiyo.

Miaka thelathini nilikuwa konvwayeri, utingo wa kamio. Shofere akisimama, mimi naruka chini, nasukuma jiwe nyuma ya tairi. Sitainama tena! Sasa konvwayeri ni Honoré, mutu wa Masisi, mdomo kama wembe.

Jumanne, 12 Februari
Msiba. Nilisimama Kyeshero, kwenye mteremko wa kwenda ziwani. Honoré akashuka kutafuta jiwe. Nikamwambia aache ushamba, kuna freni ya mukono ya kuizuia kamio. Akasema, Muzee, hiyo freni ilikufa kabla ya meno yako. Nikamkumbusha shofere ni nani, nikamtuma chai.

Nikashuka kukojoa. Kamio ikaondoka bila mimi! Polepole, kwa heshima, kama mama anayekwenda misa. Ikarudi kinyumenyume mpaka kwenye chukudu ya Cyprien, pikipiki ya mbao isiyo na injini, iliyojaa kabichi. Gurudumu lake la mbao, vipande. Taa yangu ya nyuma, vipande. Cyprien mwenyewe aliruka, mzima, akanitukana kwa lugha tatu.

Mji umejaa mawe ya volkano mpaka ndani ya vyumba vya watu. Mimi nimekosa moja!

Jumatano, 13 Februari
Akili ya uzee! Nimemwambia Mama ni tetemeko la ardhi lililosukuma kamio. Tangu volkano tunatetemeka kila siku, nani atabisha? Cyprien nimemwomba afunge mdomo, nami nitambebea kabichi zake bure mpaka zote zifike sokoni. Amekubali, ameniita papa, kama baba yake.

Mama akauliza kama tetemeko lilikuwa kubwa. Nikasema, kubwa, Mama! Hata ziwa lilichemka.

Hapo kwa ziwa ningenyamaza.

Alhamisi, 14 Februari
Alfajiri nimekuta Mama amefunga magodoro. Ziwa likichemka mutu hangoji, amesema. Volkano ilimfukuza mara moja, haimpati mara ya pili. Na majirani wote ameshawaambia! Njia nzima magodoro vichwani, mbuzi, masufuria, radio. Wote juu ya kamio yangu. Kabichi za Cyprien tukazishusha ili watu wapate nafasi, ahadi yangu ikafa, akapanda amenuna. Bibi Nyirakamana, jirani mkongwe kuliko mimi, akaketi mbele, akaniamuru nikanyage mafuta, mtoto wewe. Nilifurahi kidogo.

Tukashika njia ya Sake. Ziwa hilo upande wa kushoto, limetulia kama uji uliopoa. Pale Lac Vert, waasi wanaolinda bariyeri ya kuzuia magari wakauliza tunakimbia nini. Watu wakapiga kelele kwamba ziwa linachemka. Askari wao mmoja akaacha bariyeri, akapanda na bunduki yake. Nilitaka kusema ukweli. Nikakanyaga mafuta.

Tulipofika Sake, Mama akamshukuru Mungu kwamba tetemeko lilivunja taa tu. Cyprien akauliza, tetemeko gani? Yeye aliona kamio ikiteremka na muzee huyu akiikimbiza, suruali mukononi.

Bibi Nyirakamana akacheka mpaka akakohoa. Askari hakucheka.

Jumamosi, 16 Februari
Hukumu. Nilipiga magoti, nikataja uzee wangu wote, hata ile miaka niliyoficha. Mama akasema hafukuzi mutu aliyeunguliwa na nyumba. Lakini usukani ni wa Honoré, naye atajaribiwa wiki moja. Mimi nirudi kwa jiwe.

Jumatatu, 18 Februari
Honoré amesimama mteremko uleule, makusudi. Akatoa kichwa dirishani, akaita mtaa mzima usikie: Muzee, jiwe! Nikainama. Mgongo ukalia. Nikaweka jiwe kubwa, zuri, jeusi, kamio haikusogea hata kidole.

Nimewaza mchana kutwa. Ana mpaka Jumamosi. Kesho nitachagua jiwe dogo, la ukubwa wa yai. Nikiulizwa, tetemeko.

Ila ziwa sitaligusa.